Mafungu Arobaini na Matatu

Kwa miaka ishirini na sita hakuna chupa ya mvinyo iliyopandishwa jukwaani katika nyumba ile ya mnada kabla mwanamke mmoja hajauonja mvinyo wake na kutia sahihi. Wanunuzi walimwita Mizani. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alisema jina la kupachikwa ni kama mvua, ukishalowa umelowa.

Hakuzaliwa kwenye mvinyo. Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha glasi, kwenye karo la nyuma ya ukumbi, na aliyemgundua ni mzee mwenye nyumba, baba wa dalali wa sasa. Siku moja mzee alimkuta amezipanga glasi chafu makundi makundi kabla ya kuziosha, akamuuliza kwa nini anapoteza muda. "Hizi zimetoka chupa moja, na zile nyingine," alijibu. Alikuwa amezitenga kwa kunusa tu. Kesho yake mzee alimwekea glasi sita mezani amwambie zipi ni ndugu, na kesho kutwa akampa aproni safi na kiti.

Kazi aliijua kwa miaka, si kwa siku. Kushika glasi kwenye mguu wake ili kiganja kisiupashe mvinyo joto. Kuiinamisha juu ya karatasi nyeupe aone rangi ya ukingoni. Kuvuta hewa na mvinyo pamoja mdomoni, kuutembeza, kisha kuutema ndooni. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akiishi naye, alimtania kwamba kulipwa kwa kutema ni kazi ambayo hata mtoto mchanga angeiweza. Lakini siku ya mnada utani uliisha. Mizani alikaa kwenye benchi la pembeni, orodha magotini, na kabla dalali hajafungua kinywa alikwisha kuandika kwa penseli bei ambayo nyundo ingeigongea. Alikosea mara chache, tena kwa kidogo. Wanunuzi aliwajua kuliko walivyojijua. "Aliyekuja kununua hukaa kimya," alikuwa akisema. "Anayekohoa amekuja kuonekana."

Miaka kumi na mitatu kabla ya haya ninayosimulia, mumewe alifariki. Alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Alitoka asubuhi kwenda kazini, mchana akarudishwa amefunikwa shuka. Mizani alirudi mnadani siku ya sita, kwa kuwa mnada mkubwa wa mwaka ulikuwa umekaribia na ghala la chini lilikuwa limefurika. Aliinua glasi ya kwanza, akanusa. Hakusikia kitu. Akaonja. Maji. Ya pili, maji. Hata mate yake mwenyewe hayakuwa na ladha.

Dalali alipita akasimama nyuma ya kiti chake. "Pole, dada. Ukiona huwezi, sema tu."

"Naweza," alisema.

Kwa nini alijibu hivyo, hata yeye hakujua. Labda alihofia kurudishwa nyumbani, kwenye kitanda ambacho sasa alikilalia upande mmoja. Labda kilikuwa kiburi. Mtu ukiitwa Mizani huna ruhusa ya kutopima. Wiki ile alisaini mafungu arobaini na matatu, kila fungu sanduku moja la mnada, kwa kutazama lebo, vizibo, na kimo cha mvinyo shingoni mwa chupa. Ladha ilimrudia wiki ya tatu, ghafla, akimenya chungwa, na alilia pale pale jikoni na maganda mkononi. Mafungu yalikwisha kuuzwa. Hakumwambia mtu.

Basi mwaka huu ninaousema, siku nne kabla ya mnada mkubwa, alikuja mwalimu mkuu mstaafu pamoja na binti yake. Mzee alikuwa amevaa tai na viatu vilivyong'arishwa, kama anayekwenda kukagua gwaride. Binti alikuwa amebeba sanduku la mbao, lililokwisha kuandikishwa kwenye orodha kama fungu la ishirini na nane. Lilikuwa la chupa kumi na mbili za mvinyo mwekundu mkuukuu, moja ikiwa imeshanywewa. Mzee alikuwa amelinunua hapo hapo, mnadani, na sasa alikuwa anahamia kwa binti yake, kwenye nyumba isiyo na chumba cha baridi.

"Nimefuatilia bei yake kila mwaka," alimwambia Mizani kwa fahari. "Nililipata kwa laki tisa. Mwaka jana sanduku kama hili limekwenda milioni nne. Mke wangu alikuwa akinicheka, mwalimu wa hesabu umekuwa mfanyabiashara!" Akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Ilikuwa na sahihi ya Mizani, na tarehe. Mizani aliisoma tarehe hiyo: ilikuwa ya wiki ile aliyoonja maji.

Desturi ya nyumba ilikuwa kufungua chupa moja katika kila sanduku lililorudi kuuzwa tena. Aliishusha ghalani, akafunga mlango. Kizibo kilitoka kirahisi mno. Mvinyo wa miaka mingi hukipanda kizibo na kukitia rangi hadi katikati. Hiki kilikuwa na doa lisilozidi unene wa ukucha. Akamimina. Rangi ilikuwa nzuri. Akanusa, akaonja, akafumba macho ahesabu. Ule wa kweli aliujua: hukaa ulimini hadi arobaini, una harufu ya ngozi mpya na majani makavu. Huu ulimjia kwa utamu mwingi, kama mtu anayekusalimu kwa bashasha halafu hana la kusema. Alipofika nane ulikuwa umetoweka.

Akaonja tena. Akaonja mara ya tatu, akitumaini kosa ni la ulimi wake wa leo, si wa siku ile.

Alimkuta dalali ofisini, akipitia orodha.

"Mdogo wangu, fungu la ishirini na nane litoke."

"Litoke liende wapi? Orodha imeshachapwa, na watu wawili wamenipigia simu kwa ajili ya hilo hilo."

"Si mvinyo wenyewe. Ni wa bandia."

"Lina sahihi yako, dada."

"Ndiyo hiyo sahihi ninayoizungumzia."

Dalali aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyerithi nyumba yenye jina, akawa anaishi kwa kuogopa kulivunja. "Sikiliza," alisema taratibu. "Chupa moja huharibika. Andika kizibo kibovu, tuuze zilizobaki. Nani atajua? Zitafunguliwa baada ya miaka ishirini, mimi na wewe tutakuwa udongo."

"La kuvunda halina ubani, mdogo wangu."

"Ukisema ulikosea hili moja, watauliza umekosea mangapi."

"Arobaini na matatu."

"Nini?"

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, mikono ndani ya mifuko ya aproni, bila kujitetea. Dalali alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda dirishani. "Nilikuuliza," alisema hatimaye, bado amempa mgongo. "Siku ile nilikuuliza kabisa."

"Uliniuliza."

Mwalimu na binti yake walikuwa wakisubiri kwenye benchi la korido. Mizani aliketi kando ya mzee, akamwambia yote, pamoja na habari za mazishi na ulimi uliokufa. Binti alianza kupaza sauti. Baba yake akamnyamazisha kwa kidole, kama mwanafunzi.

"Tulifungua moja," mzee alisema. "Siku tuliyotimiza miaka arobaini ya ndoa. Mke wangu alikuwa tayari mgonjwa. Alikunywa kidogo akasema, mume wangu, leo nimejua watu wakubwa wanakunywa nini." Akageuka kumtazama. "Kwa hiyo alikunywa uongo?"

"Alikunywa mvinyo, mwalimu. Mvinyo wa kawaida tu. Uongo ulikuwa kwenye karatasi, na karatasi niliiandika mimi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole. Alipoondoka hakumpa mkono.

Siku ya mnada ukumbi ulijaa. Dalali alikuwa amekubali fungu liondolewe, basi, na barua kwa wanunuzi wa wiki ile ziandikwe baadaye, kimyakimya. Alipofika fungu la ishirini na nane alisema tu kwamba limeondolewa, akapeleka jicho kwenye la ishirini na tisa. Mizani akasimama kwenye benchi lake la pembeni.

"Limeondolewa kwa sababu ni bandia," alisema, "na miaka kumi na mitatu iliyopita mimi nilisema ni halisi. Wiki ile nilikuwa sina ladha mdomoni, na sikusema. Nilisaini mafungu arobaini na matatu. Mwenye moja kati ya hayo alilete, nitalionja upya mbele yake."

Hakuna aliyekohoa.

Mnada uliendelea, kwa maana mnada haujui kusimama. Fungu la ishirini na tisa alikuwa amelionja wiki iliyopita, halina doa, na kwa penseli alikuwa ameliandikia milioni mbili na nusu. Dalali aliita milioni mbili, mikono ikabaki magotini. Akashuka milioni moja na nusu. Akashuka tena. Nyundo iligonga kwenye laki nane. La thelathini likaenda kwa nusu ya bei aliyoandika. La thelathini na moja halikupata mtu. Maisha yake yote Mizani alikuwa akisikiliza bei zikisema habari za mvinyo. Sasa zilikuwa zinamsema yeye, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya dalali iliyozidi kukauka. Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua tano tu. Alikaa mpaka fungu la tisini na nne, la mwisho, na kila bei iliyogongwa aliiandika mahali pake, kando ya ile aliyokuwa ameikisia. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaiacha juu ya kiti bila kusubiri kuambiwa.

Kati ya wenye mafungu arobaini na matatu, walipatikana ishirini na tisa. Wengi walikwisha kunywa na hawakutaka maneno. Tisa walileta masanduku yao, na Mizani akaja kuonja mbele yao, kama alivyoahidi, akiwa amevaa nguo zake za nyumbani. Mawili zaidi yalikuwa ya bandia, saba hayakuwa na neno. Nyumba ilirudisha fedha, na dalali hakuzungumza naye kwa muda wa miezi minane. Mmoja wa wale saba, mwanamke mwenye duka la vitambaa, alimwambia usoni, "Afadhali ungenyamaza. Langu ni zima, lakini sasa halinunuliki."

Mwalimu alizichukua chupa zake kumi akaenda nazo kwa binti yake. Kila mwanafunzi wa zamani aliyemtembelea alifunguliwa moja, na kabla ya kumimina mzee alitangaza, "Hii ni feki, kwa hiyo msijifanye mnajua." Habari hiyo Mizani aliipata kwa binti, aliyekutana naye kwenye foleni ya benki baada ya mzee kuzikwa. Walisimama pamoja mpaka dirishani. Hawakuagana kwa ubaya.

Mwaka wa pili dalali alibisha hodi nyumbani kwake. Alikuwa ameajiri waonjaji wawili, mwanamume na mwanamke, bado wabichi, na kila fungu sasa lilikuwa linasainiwa na wote wawili. Alitaka awafundishe, siku moja kwa wiki.

"Watu watasema nini?" Mizani aliuliza.

"Watasema. Bei zimeanza kupanda, lakini polepole. Wewe njoo."

Alikwenda. Asubuhi ya kwanza hakufungua chupa. Alifungua kitabu cha sahihi, akawaonyesha waonjaji wapya safu mpya aliyoichora kwa rula, ya kuandika siku ambayo mtu hawezi kuonja. Walitazamana, wakadhani ni mzaha. Mwezi haukuisha, yule mwonjaji wa kike akafika na mafua makali, siku mbili kabla ya mnada. Akajiandika kwenye safu ile, akaenda nyumbani kulala. Mnada ulisogezwa mbele kwa siku tatu. Dalali alinung'unika wiki nzima, lakini aliusogeza.