Mlio wa Pikapu ya Mama Anastazia

Mimi ni fundi magari hapa Rulenge, na juzi nilijiaibisha. Mama Anastazia alileta pikapu yake ikigonga upande wa mbele. Nikabadilisha bolijointi, tukaijaribu kwenye mashimo. Ngo! Ngo! Nikabadilisha bushi, kisha shokapu. Tukaijaribu tena, ngo ngo!

"Fundi, maharage yangu yanasubiriwa Benaco," alilalamika.

"Vumilia, mama. Gari hili lina mambo mazito," nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu.

Akaniambia nishuke, akapita mashimo yale yale peke yake. Kimya kabisa! Nikapanda, likagonga. Akasimamisha gari, akautazama mfuko wa ovaroli yangu. Nyundo yangu ilikuwa humo, imeegemea mlango; kumbe mlio wa gari lenyewe uliisha tangu bolijointi.

"Fundi," akauliza taratibu, "na hiyo nayo utaibadilisha?"