Mpini wa Moshi

Moshi uliokaribia kumfukuza mama mmoja Nchelenge niliuona kutoka angani, na haukuanzia kwake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kiangazi kikielekea ukingoni. Nilikuwa mpima hali ya hewa, nimeletewa kompyuta na antena ya kunasa picha za setilaiti ili nifuatilie moshi wa misitu na mashamba. Huku watu hukata matawi, huyalundika yakauke, kisha huyachoma wapande ulezi kwenye majivu. Hakuna anayewasha kabla mkuu wa kijiji hajatoa ishara, mvua ikiwa karibu. Ukiwahi, upepo hubeba majivu yote.

Mwaka ule malundo yaliungua mapema. Lawama zikamwangukia mama Mkongomani aliyekausha samaki kando ya Ziwa Mweru, kwa kuwa tanuri zake hazizimiki. Mkuu wa kijiji akaamua zibomolewe kesho yake jioni, naye avuke ziwa arudi kwao.

Nikakumbuka picha niliyoinasa asubuhi ya moto, malundo yangali mazima. Nikawaita wote wawili. Kompyuta iliichora mstari kwa mstari, nami sikuweza kukaa kitini.

"Mashini hii inaniona na mimi?" mama akauliza.

"Haioni mutu, mama. Inaona moshi."

"Basi imeniona! Mi niko moshi mutupu!"

Tulicheka sisi wawili tu.

Ziwa likatokea, jeusi. Juu yake moshi mweupe, umetanuka kama fagio. Nikaufuata kwa kidole kurudi nyuma, nikavuka ufuo, nikavuka kijiji, ukizidi kuwa mwembamba. Mpini wake ulikuwa mbali mashariki, ndani ya msitu wa Mantapala!

"Tanuri ziko hapa, tata," nilimwambia mkuu wa kijiji, nikimwita baba kwa lugha ya huku, karibu nipige kelele. "Moto ulianza kule. Upepo ndio uliuleta kwenye malundo."

Akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kama iko na macho, iseme jina ya mwenye kuwasha."

"Jina haioni, tata."

Akamgeukia mama. "Rudi kwa samaki yako, inaungua."

"Aksanti, tata!" Alikwisha fika mlangoni.

Wiki hiyohiyo niliendesha baiskeli hadi ukingo wa msitu, kisha nikapenya kwa miguu hadi mpini ulipoanzia, picha ikiwa mfukoni. Nilikuta majivu na visiki vyeusi. Lakini hapakuwa na shamba la mtu yeyote karibu, wala lundo, wala njia ya kufikia pale. Aliyewasha hajajulikana hadi leo.