Duka Lisilorudisha Mkate

Mji wetu unapenda kula, na hilo silisemi kwa sifa. Ukimwuliza mtu njia ya kwenda posta atakuelekeza kwa migahawa, na ukifika posta utakuwa umeshashiba. Kuhusu sandwichi ya kwetu ndiyo usiseme: mkate mrefu uliopasuliwa, nyama baridi iliyokatwa nyembamba, vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki. Nawajua ndugu wa tumbo moja ambao hawasemeshani kwa kubishana ni duka gani linaitengeneza vizuri zaidi.

Mtu pekee asiyekuwa na upande katika ubishi huo ndiye aliyekuwa akipeleka mikate yenyewe. Tulimwita Marejesho. Mimi nilikuwa kwenye tanuri la kiwanda cha mikate, yeye kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Saa kumi na mbili asubuhi anagawa mikate kwenye maduka thelathini na nane, alasiri anarudi kuzoa isiyouzwa, nasi tunaisaga chenga za kukaangia. Duka likirudisha mikate mingi wiki mbili mfululizo, bosi alilikata, na baiskeli haikupita hapo tena.

Marejesho hakuwa mtu wa maneno. Mlangoni anauliza, "Ngapi?" Anajibiwa, anashusha, anaondoka. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na tangu hapo alikula chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, sahani magotini. Meza anayo, ila alisema ina viti viwili.

Binti yake wa pekee alikuwa mwuguzi, mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili mzee alitia chumvi.

"Mimi nina watu, mwanangu. Mchana tunakula sandwichi na wenzangu, tunacheka mpaka mbavu zinauma."

Wenzake gani? Mwenzake nilikuwa mimi, na sikuwahi kumwona akitafuna kitu. Lakini alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Hakutaka mtoto aache kazi yake kwa ajili ya mzee mpweke.

Basi Jumapili moja binti akasema anapelekwa semina, na Alhamisi atapita mjini kubadilisha basi. Atakuwa na muda wa saa moja na nusu tu. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso miaka minne.

"Nipeleke kwenye sandwichi bora kuliko zote, baba," akasema. "Wewe unazila kila siku, wewe ndiye unayejua."

Kesho yake mzee alinijia uso umemshuka. Hakujua ladha ya hata moja. Nikamwambia aulize watu.

"Nikiuliza watu thelathini nitapata majibu thelathini," akasema.

Nikamwambia basi aonje. Akaonja mbili, kwa kusimama, akaniambia zote zina ladha ya nyama. Mwisho akatumia akili ya kazi yake. Katika kona ya mwisho ya njia yake kulikuwa na duka la mama mmoja tuliyemwita Mama Kona. Kila asubuhi alichukua mikate kumi, na kwa miaka tisa hakuwahi kurudisha hata mmoja. Maduka yenye majina makubwa yalirudisha, yeye hakurudisha.

"Ile kumi inaliwa yote," Marejesho akaniambia, macho yamemchangamka. "Bora ni hiyo."

Nami, mjinga mwenzake, nikakubali.

Alhamisi alimpokea binti yake kituoni, amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili, akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye kona. Ilikuwa saa saba kasorobo, wakati ambao mji mzima uko kwenye foleni ya chakula. Duka la Mama Kona lilikuwa tupu. Meza nne, hakuna mtu. Mwenyewe alikuwa akifuta kaunta iliyokwisha kuwa safi, na alipomwona Marejesho akashtuka.

"Leo si saa yako," akasema. "Kuna ubaya?"

"Hakuna. Tunataka sandwichi mbili."

"Mtakaa?"

"Tutakaa."

"Makubwa haya. Miaka tisa hujawahi kukaa hapa, hata maji hujawahi kunywa."

Hakuwa na nia mbaya. Alisema hivyo akaingia jikoni, na binti akamtazama baba yake.

Sandwichi zikaja. Siki ilikuwa nyingi na nyama imekauka. Binti akatafuna, akasema ni tamu, kwa ile sauti ya adabu ambayo haimdanganyi mpishi yeyote. Mama Kona akavuta kiti akakaa nao.

"Msile kwa kunihurumia," akasema. "Wateja napata wawili, watatu. Mikate inayobaki naikausha, namgawia jirani mwenye kuku."

"Sasa kwa nini huirudishi?" Marejesho akauliza.

"Nikirudisha mtanikata. Na mkinikata, nani atanigongea mlango asubuhi? Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwona. Siku nyingine ndiye wa mwisho pia."

Marejesho alibaki ameshika sandwichi. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi kuona haya kama siku ile, maana kwa miaka tisa alimpa yule mama neno moja kwa siku.

Binti akafuta vidole. "Baba, wewe huwa unakula wapi?"

"Si nilikwambia..."

"Wapi?"

"Chumbani."

"Na nani?"

Mama Kona akainuka taratibu, akaenda jikoni kufungua maji ambayo hakuyahitaji.

Binti hakulia. Alikasirika, na mzee aliona afadhali angelia. "Mwaka juzi hospitali ya hapa ilinipa nafasi," akasema. "Nikaikataa. Nikajiambia baba ana watu wake, nikienda nitamwingilia tu. Wakaajiri mtu mwingine."

"Niliogopa," mzee akasema. "Nikikwambia ukweli ungeacha kila kitu ukaja."

"Ningekuja," binti akasema, akainuka, kwa sababu basi lake lilikuwa limebakiza dakika ishirini.