Tuta Lenye Kibali cha Kukaa

Kwetu bara, mtu akizidiwa hupanda mlimani kuomba. Guangzhou, nyuma ya maduka ya nguo za jumla, mlima tulioupata ulikuwa tuta la udongo lililosalia la ngome ya kale. Lilikuwa na uzio, jiwe la maandishi na mlinzi wa mshahara. Hakuna aliyewahi kuliuliza viza. Sisi, miaka ile ya misako, tuliulizwa pasipoti hata tukiwa tumeshika tambi mdomoni.

Mama mmoja wa Moshi, mnunuzi wa mikoba, viza yake ilikuwa imekwisha. Tiketi yake ilikuwa ya jioni hiyo. Akifika mwenyewe uwanja wa ndege, angelipa faini aende kwa wanawe. Akikamatwa njiani, mahabusu. Asubuhi akanijia mimi, mzee wa kanisa, tukapanda tutani. Katika ushirika wetu tulizoea kuandika haja kwenye karatasi na kuizika pale tulipoombea. Yeye alileta nakala ya pasipoti, ile viza iliyokufa ikisomeka vizuri. Nami, niliyesoma Maandiko miaka yote ile, nikaona ni hekima. Nikachimba kwa kijiko.

Kabla ya amina mlinzi akatukamata, akamwita bwana wa mambo ya kale. Bwana akaja na futi. Karatasi aliitoa kwa vidole viwili, akaigeuza, akaandika nyuma yake ripoti ya shimo. Kisha akatuonyesha kina cha shimo kwenye kalkuleta, kwa sentimita: kumi na tisa.

Mama, kwa mazoea ya sokoni, akaipokea akabonyeza nane.

"Mama, hilo ni shimo, si bei!"

"Mzee, hawa ukikubali bei ya kwanza wanakudharau."

Bwana akatikisa kichwa kama mfiwa. Akaonyesha kijiko: cha nani? Nikajigonga kifua, nikampa pasipoti yangu, iliyo safi. Mama akafukuzwa na bwana kwa mkono, kwa kuwa alikuwa anakanyaga nyasi.

"Na karatasi yangu, Mzee?"

"Iache. Upande wako hausomwi. Nenda!"

Nikapewa chekeche nirudishe udongo uleule, niushindilie kwa viganja. Bwana akapima, hakuridhika, nikaanza upya. Sijawahi kumshukuru Mungu hivyo kwa serikali inayopenda udongo.

Alasiri ujumbe wa Mama ukaingia kutoka uwanja wa ndege: "Nimegongewa muhuri, Mzee. Wamenifokea tu."

Nikamshika bwana yule mikono yote miwili, nikamwambia ahsante kwa Kiswahili. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akidhani nalisifia tuta.