Sikuwa Naendesha, Nilikuwa Nakokota

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa Kifua Kikuu wa wilaya alinikabidhi sanduku la baridi, daftari, na mipira miwili ya kufungia mzigo iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Baiskeli ilikuwa yangu. Kazi ilikuwa kuchukua makohozi ya wagonjwa kwenye zahanati za vijiji vya upande wa Tingi na Kikole na kuyafikisha maabara ya hospitali kabla barafu haijayeyuka. Mtu aliyekohoa wiki mbili bila nafuu alitoa makohozi kwenye kikopo chenye mfuniko, mganga mfawidhi wa zahanati akaandika jina na namba, mimi nikabeba. Bila majibu, dawa hazikuanza.

Mratibu alinifundisha barabara kabla ya kunifundisha ugonjwa. Mlimani usiendeshe na mzigo, alisema, maana ukiyumba vikopo vinavuja. Shuka, kokota. Na ukikokota, hamia mkono wa kulia ili uyaone magari yanayokuja.

"Ukiwa juu yake, wewe ni mwendesha baiskeli, unakaa kushoto," alisema. "Ukishuka, wewe ni mtembea kwa miguu, sawa na aliyebeba kikapu."

Niliandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Baadaye nilinunua kijitabu cha sheria za barabarani, nikakisoma mpaka jalada likatoka.

Mwaka wangu wa sita, asubuhi moja, nilimkuta zahanati Mama Somoe, mjane mkulima wa ufuta. Alikuwa amekonda, na alikohoa akiwa ameshika nguzo ya baraza. Alishatoa vikopo vyake viwili. Akaniuliza majibu ni lini, kwa sababu alikuwa anahamia shamba kulinda, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya mto.

"Nyani hawamsubiri mgonjwa, mwanangu," alisema.

Nikamwahidi kwamba kesho yake jioni majibu yangekuwa yamerudi. Akasema atanisubiri siku hiyo moja, isizidi.

Saa tatu kasoro dakika tano nilikuwa napanda mlima, nakokota, mkono wa kulia. Juu alisimama askari wa usalama barabarani, kijana, mgeni wa huku.

"Shikamoo, mzee. Baiskeli inapita kulia tangu lini?"

"Marahaba, afande. Siendeshi, nakokota."

"Tofauti yake nini? Magurudumu si yanazunguka?"

Nilimweleza kwa utaratibu, nikataja na kijitabu. Pengine angeniachia. Lakini palikuwa na mama anauza mihogo ya kuchoma, naye akadakia: "Afande, nami nikisukuma toroli langu la maji utanikamata? Nalo lina gurudumu." Watu wakacheka. Askari akabadilika uso. Akasema nitoe elfu tano niende zangu, au twende kituoni.

Nikamjibu aniandikie kosa kwenye karatasi, nami nitalipa. Hakuandika. Nikasema basi, kituoni. Nilikuwa na hakika ya kila neno, na nakiri kwamba hakika ile ilikuwa tamu. Pikipiki tatu zilitupita zikielekea hospitali. Sikuisimamisha hata moja ibebe sanduku.

Kituoni baiskeli iliegeshwa ukutani, juani, na sanduku likiwa limefungwa juu yake. Mkuu wa kituo alikuwa safarini. Niliambiwa nikae. Niliomba mara mbili kulisogeza sanduku kivulini, nikajibiwa kwamba hicho ni kielelezo, hakiguswi. Mkuu alirejea saa saba na robo. Alinisikiliza, akachora barabara kwenye kipande cha karatasi, akamuuliza askari nilikuwa nimepanda au nimeshuka. Askari akasema nimeshuka.

"Basi huyu ana haki," mkuu alisema. "Mwache."

Askari alinishikia usukani nilipokuwa nakaza mipira.

Maabara walifungua sanduku wakakuta maji ya uvuguvugu na majina yaliyofutika. Vikopo vyote sita vikaandikwa "imekataliwa". Nilimsimulia Mratibu mwanzo mpaka mwisho.

"Ulikuwa sahihi, bwana," alisema. "Sasa makohozi yako wapi?"

Wagonjwa wengine wawili walitoa upya wiki ile ile. Mama Somoe alisubiri siku yake moja, akavuka kabla ya kutoa mengine. Mto ukajaa. Wiki ya saba nduguze walimleta kwa machela, na siku ya tatu akafariki. Daktari hakusema kwamba kuchelewa ndiko kulikomuua. Nami siandiki nisichokijua. Naandika kwamba niliahidi majibu na sikuyaleta.

Baadaye nilihamishiwa Nyangamara. Huko askari mwingine aliniamuru nikokote kushoto. Nilinyamaza, nikatii, na lori lililotoka nyuma likanikosa kwa shubiri. Sanduku lilifika. Siku hiyo nayo sijivunii.

Sasa magoti yamekataa na kazi imepewa pikipiki. Vijana wanaobeba mizigo kwa baiskeli huniuliza kama inafaa kumpinga askari aliyekosea. Nawajibu inafaa, kwa adabu, na jina lake uliandike. Lakini kabla ya neno la kwanza geuka nyuma, tazama umebeba nini na ni cha nani. Kama hakiwezi kusubiri, kipakie kwa anayepita, kisha rudi ubishane mpaka jua lizame. Mimi sikugeuka.

Fedha aliyoitaka askari yule sikumpa. Nilichookoa siku ile ni shilingi elfu tano.