Afande Aliyefundisha Kuachia

Habari ya kifo cha yule afande mstaafu wa Mbarara ilinikuta shambani, hapa Rubondo, ndani ya makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, nimeinama kwenye mistari ya maharagwe na simu nimeifunga ndani ya pindo la kitenge. Aliyepiga ni mwanangu, ambaye siku hizi anasomea ufundi huko huko Mbarara. Hakuanza na salamu. Alisema, "Mama, Afande ameachia." Hakusema amekufa, alisema ameachia, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye udongo. Katika nyumba yetu neno hilo lina historia yake, nitaisimulia. Na kuna neno lingine, la kwangu mimi, ambalo nililitunza miaka miwili ili nimpelekee huyo mtu, na sikulipeleka. Ninyi mnaosoma ukurasa huu kila mwezi mmenizoea nikiandika mambo ya mbegu, ya ndoa na ya watoto wasiotaka kuamka kwenda misa. Leo mnivumilie. Naandika juu ya mtu niliyemkosea.

Nianze pale nilipomjua. Baadhi yenu tulikuwa pamoja kwenye masomo ya jioni, yale ya watu wazima, ndani ya darasa la shule ya msingi ambalo madirisha yake hayana vioo. Mnakumbuka tulivyokaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakitaka kugusa kidevu. Basi siku moja mwalimu ameandika ubaoni, tunanakili, tukasikia mtu nje anasema, "Hodi." Sisi ni watu tuliolelewa. Darasa zima tukaitika, "Karibu." Hakuingia mtu. Muda kidogo tena, "Hodi, hodi," sauti ya haraka kama ya mtu mwenye shida. Tukaitika kwa nguvu zaidi. Kimya. Mama mmoja Mkongomani aliyekaa nyuma yangu akasema, "Uyu mugeni iko na haya mingi. Anapiga hodi, haingie." Tulicheka mpaka mwalimu akaweka chaki chini. Ilipofika hodi ya tano nikanyanyuka mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango, nikatoka kwenda kumpokea huyo mgeni.

Nyuma ya darasa, kwenye majani, niliwakuta vijana kumi na kitu, wote wachezaji wa mpira wa sekondari yetu, wamegawanyika wawili wawili, wamekamatana chini kama nyoka. Mmoja alikuwa amemkaba mwenzake koo kutoka nyuma. Huyo aliyekaba alikuwa mwanangu. Aliyekabwa akapiga majani kwa kiganja, akasema kwa sauti iliyobanwa, "Hodi," na kabla mwanangu hajafungua mdomo, darasa letu lote likaitika kutoka dirishani, "Karibu!" Mkono ukalegea. Pembeni alisimama mzee mwembamba mwenye kofia ya jeshi iliyopauka na filimbi shingoni, anacheka mpaka anafuta macho. "Nyabo," akaniambia, ndiyo mama kwa lugha ya kwao, "nyinyi ya darasa munasumbua mimi. Mukisema karibu, hawa vijana wanaachia mbio, hawajui nani amesema."

Watu wa hapa walisema ni karate. Yeye aliuita mchanganyiko: ngumi kidogo, teke kidogo, mieleka mingi. Aliujua jeshini, na alipostaafu akabaki Mbarara, jirani na kambi ya jeshi. Mwalimu wa michezo ndiye aliyemwomba aje mara mbili kwa wiki, kwa sababu msimu uliopita vijana wetu walipigana uwanjani na timu ikafungiwa. Katika mchezo ule, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, aliyezidiwa anapiga chini kwa mkono na mwenzake lazima amwachie. Hiyo ni sheria ya wote. Afande aliongeza ya kwake. Aliyezidiwa apige chini na aseme hodi, na aliyezidi ajibu karibu, kwa sauti, ndipo aachie. Aliyechelewa kujibu alizunguka uwanja mara kumi, awe nahodha au awe nani. Alikuwa akiwaambia kwamba mkono unaweza kuachia kwa kuchoka tu, lakini mdomo ukisema karibu, ujue na moyo umeachia.

Hayo yote siku ile sikuyajua, na hata kama angenieleza nisingesikia. Niliona mkono wa mwanangu kwenye koo la mtoto wa mtu. Wengi wenu mnajua tulikotoka na mliyoyaona njiani, sina haja ya kuyaandika. Baba yake hakufika huku na sisi. Nikamuuliza yule mzee kama anamfundisha mtoto wangu kuua. Aliacha kucheka. Akavua kofia, na akanijibu taratibu, kwa kile Kiswahili chao cha jeshini ambacho hakina pambo.

"Mama, kupiga hakuna mutu anafundisha. Hata mutoto ya kunyonya anajua kupiga. Mimi nafundisha kuachia."

Kisha akaniuliza wangu ni yupi. Nikamwonyesha kwa kidole, jezi namba sita. "Ah," akasema, "Mama Sita." Toka siku ile hakuniita jina lingine.

Sikuridhika. Nilipiga rozari wiki nzima nikiomba Mungu anipe maneno, na maneno nikapata, ila sasa sijui kama yalitoka kwake. Kwenye mkutano wa wazazi wa shule nilisimama. Nikasema sisi tumekimbia ngumi na risasi, tumeacha nyumba na makaburi, na leo mtu wa jeshi anakuja hadi Nakivale kuwafundisha watoto wetu kukabana koo. Mpira ni mpira. Anayetaka vita asivilete shuleni. Wazazi walipiga makofi, na naungama kwenu, yale makofi yalinipendeza. Afande alikuwa kwenye benchi la mwisho, kofia juu ya goti. Mkuu wa shule akamuuliza kama ana la kujitetea. Akasimama. Hakunitazama vibaya. Akapiga meza mara moja kwa kiganja, polepole, akasema, "Mama Sita amesema hodi. Basi. Karibu." Akavaa kofia, akatoka, na hakurudi tena kufundisha. Watu wakaguna, wakadhani ametudharau. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilirudi nyumbani nikimweleza kila mtu njiani jinsi yule mzee alivyo na kiburi. Mwanangu hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne alisema kitu kimoja tu: "Mama, alikuachia, na hukuona."

Mwisho wa muhula ule timu yetu ilikwenda kucheza Mbarara, na sisi wazazi wachache tukaenda kuwashangilia. Kipindi cha pili kijana mmoja wa timu ya pale, mkubwa, mabega kama mlango, alimkanyaga mwanangu kwa makusudi, halafu akainama akamwambia arudi kwao. Niliyasikia kwa masikio yangu, maana nilisimama kwenye mstari. Nilimwona mwanangu usoni. Namjua. Uso ule niliuona kwa baba yake siku ya mwisho. Kufumba na kufumbua yule mkubwa alikuwa chini, kifudifudi, mkono wake umekunjwa nyuma, na mwanangu juu yake. Wachezaji wa pande zote wakaanza kukimbia kuja, na mashabiki wakaingia uwanjani. Nilishika rozari tu. Nikajua hapa ndipo nitampoteza, kwa kukamatwa au kwa kupigwa, na yule ambaye angeweza kumsemesha mimi ndiye niliyemfukuza.

Yule kijana alipozidiwa na maumivu akapiga majani kwa kiganja. Hakujua lolote, alipiga kama anavyopiga mtu yeyote anayeumia. Na mwanangu akasema kwa sauti ya wazi, uwanja mzima ukasikia, "Karibu." Akaachia, akasimama, akainua mikono. Yule mkubwa akageuka, mdomo umejaa nyasi, akauliza, "Karibu wapi?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyealikwa chakula na adui. Mchezaji mmoja wa kwetu akaanza kucheka, wa kwao akafuata, na mnajua kicheko kikishaingia, ngumi haipati tena pa kupita. Refa alimpa mwanangu kadi nyekundu, tukafungwa mabao mawili, tukarudi Rubondo bila kitu. Lakini tulirudi na watoto wote, hakuna aliyelala polisi, hakuna aliyelala hospitali. Mwanangu njiani alikuwa akiitazama mikono yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, akaniambia Mungu amekwisha kunisamehe, lakini yule bwana wa Mbarara bado, kwa hiyo niende nikamwambie. Nikasema nitakwenda. Kwanza ilikuwa msimu wa kupanda. Halafu mtoto wa mwisho akashikwa na malaria. Halafu Kwaresima, nikasema nitakwenda Pasaka kwa moyo safi. Sababu zote zilikuwa za kweli, na zote nilizikumbatia. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilisema mbele ya watu mia, na kuomba samahani ningeomba mbele ya mmoja tu, na huyo mmoja alinishinda kuliko wale mia. Siku moja nilimwona Afande pale Rwekubo, kwenye kituo cha magari, amebeba mfuko wa vitunguu. Yeye ndiye aliyeniita kwanza, kutoka ng'ambo ya barabara. "Mama Sita! Namba sita iko?" Nikajibu, "Iko, afande." Akainua kidole gumba, akacheka. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Utingo akapiga bodi ya gari, nikaingia, likaondoka na mimi na neno langu. Mpaka leo nikipita Rwekubo natazama ng'ambo ile ya barabara, kama vile anaweza kuwa amesimama bado na vitunguu vyake, ananiuliza tena, nami nipate nafasi ya kujibu vizuri.

Kwenye maziko sikuwahi. Mwanangu alinisimulia kwamba wachezaji wa zamani walikuja na jezi zao juu ya mashati, na walipomaliza kufukia, mmoja mmoja aliinama, akaweka kiganja juu ya udongo na kusema, "Karibu, Afande." Watu wa ukoo wake hawakuelewa. Ila vijana walijua wanachofanya: safari hii yeye ndiye aliyepiga hodi, na wao wakamwachia aende. Na ile simu ilisema hivyo hivyo: aliyefundisha wengine kuachia, naye ameachia.

Mimi nilifika nyumbani kwake siku ya tatu, viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Mjane wake, mama wa Kinyankore mnene, mpole, alikuwa chumba cha nyuma na wanawake wawili. Nikasimama kwenye pazia nikasema hodi. Akajibu, "Karibu." Nilipojitambulisha kuwa natoka Nakivale, akanitazama, akatabasamu katikati ya msiba wake. "Wewe ndiyo Mama Sita? Yeye alikuwa anacheka na hiyo darasa yenu kila siku. Alisema mutu moja peke yake ameangusha yeye bila kugusa." Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, la mkutano, la makofi, la uwanjani, la Rwekubo, nikamwomba samahani. Alinishika mkono, akasema jambo ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie, na alilisema bila ukali wowote. "Mimi nasikia, mama. Lakini hiyo neno ilikuwa ya yeye. Mimi siwezi kula chakula yake."

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilidhani ni maneno ya kufariji timu iliyofungwa. Sasa naona ni mazito zaidi. Kule tulikotoka watu walipiga ardhi kwa viganja, waliinua mikono, waliomba, na hakutokea wa kujibu karibu. Waliokuwa juu hawakufundishwa kuachia, walifundishwa kukaba tu. Na mzee mmoja wa jeshi, mtu niliyemwogopa kwa sababu ya kofia yake, alikuwa akija na boda kwenye vumbi lote lile kuwafundisha watoto wetu kile ambacho wazazi wao walikikosa. Nami nikamfukuza kwa maneno mazuri niliyoyaombea rozari. Namkosa huyo mzee. Nakosa hata filimbi yake nyuma ya darasa letu. Darasa bado lipo, jioni tunakaa, na nje kukiwa kimya sana kuna siku nashika kalamu nasubiri mtu aseme hodi ili tuitike wote.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna mtu umemwekea neno, usimalize kwanza kupalilia. Weka jembe chini, nawa mikono, uende. Mimi nimejibiwa "karibu" vizuri sana, na nimeingia, na niliyemfuata hakuwemo. Hodi hupigwa nyumba ikiwa na mtu.