Jiwe la Jumamosi

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi mwongoza watalii mmoja hupita langoni kwangu akiongoza wageni wanaotembea kutazama majengo mapya ya kando ya ziwa Naivasha. Mimi ni soja wa hoteli ya vioo, kituo chake cha pili, kwa hivyo maelezo yake nimeyakariri. Huongea akiwa amelipa ziwa mgongo, kiganja kikipapasa ukuta kama anayepima homa ya mtoto. Jua liwake au mvua inyeshe, havui gambuti. Kabla ya kuondoka hupaka jiwe rangi nyekundu ya kucha, akaliweka pale maji yanapoishia, ili Jumamosi inayofuata aje aone kama ziwa limesogea.

Leo amelikuta limezama. Alimaliza habari za roshani kwa sauti ileile, kisha akasogea karibu na kibanda changu, akampigia simu jirani yake kule Kihoto, mtaa anakoishi kando ya ziwa. "Nasimiyu, wacha kufua. Weka magodoro yangu juu ya meza. Hata yako." Akasikiliza kidogo. "Najua maji hayajafika mlangoni. Weka tu."

Aliporudi aliwaonyesha jengo linalofuata, lililoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Mama mmoja mwenye kofia akauliza, "Na hii, mbona waliinua juu hivi?" Nilingoja jibu ninalolijua, lile la upepo na mandhari. Yeye aligeuka, akalitazama ziwa.

"Walikuwa wanajua," akasema.